Mguu wa kushoto unaniaibisha mjini

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi mzee wa miaka 56, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Gari nilianzia kwenye Canter, miaka ile tunavuka Busisi na pantoni tukipeleka mzigo Geita, baadae nikashika Hiace ya abiria, zote za klachi, miaka 27 sijawahi kugusa oto, hizi zinazobadili gia zenyewe, hata ya kuazima. Mwezi uliopita vijana wangu wamechanga wakaniletea Toyota IST ya oto, wakasema baba sasa pumzika. Kupumzika kwenyewe ndo huku? Juzi natoka Mwaloni pale Kirumba na mama watoto kapakata ndoo ya dagaa, mbele akaingia mtu na mkokoteni, nikapunguza mwendo, basi mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi ukakutana na breki ukaididimiza mpaka chini, gari ikasimama kama imepiga jiwe, dagaa wote kwenye dashibodi na bodaboda wa nyuma akanigusa bampa. Mama watoto hakusema neno mpaka nyumbani, na mimi namjua akinyamaza vile. Alafu kwenye mteremko gari inakimbia tu, haishiki kama Hiace, jirani ananiambia weka N, yaani fri, iteleze utaokoa mafuta. Nirudi kwenye klachi zangu au kuna namna?
Msomaji, Buhongwa

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na mwangaluka kama unasoma hii asubuhi. Pole ya dagaa. Usirudi kwenye klachi, na usikubali mtu akwambie ni uzee, mimi yalinikuta nina miaka 31 nikitokea kwenye Hiace hizohizo.

Tatizo liko hivi. Klachi ukiikanyaga nusu haikati vizuri, kwahiyo mguu wako wa kushoto umefundishwa miaka 27 kitu kimoja tu, kukandamiza mpaka chini haraka haraka. Haujui kupima. Wa kulia ndo unajua kubembeleza breki. Na kanyagio la breki la gari nyingi za oto ni pana, limesogea upande ule wa kushoto, kwahiyo mguu ukija kwa mazoea haukosi kitu cha kukanyaga. Dawa ni kuulaza kabla hujawasha gari. Urudishe nyuma kisigino kiguse chini ya siti, ukae hapohapo. Mi nilivua kiatu cha kushoto wiki nzima, unyayo ukigusa kapeti unakumbuka kwamba leo hauna kazi. Trafiki mmoja aliniuliza kiatu kingine kimeenda wapi, nikamwambia kiko likizo, akacheka akaniachia.

Mkono wa kushoto nao uangalie. Watu wanausahau huo. Ukipunguza mwendo unataka kushusha gia, unajikuta umesukuma kijiti cha gia kutoka D, ile ya kwendea mbele, kwenda N, maana pale hakuna haja ya kubonyeza kitufe, kinaenda laini tu, alafu unakanyaga mafuta injini inalia gari haiendi na nyuma daladala ameshaanza honi. Ukiona hivyo toa mguu kwenye mafuta kwanza, injini itulie, ndo urudishe D. Usiirudishe huku inalia, unaichapa giaboksi rungu.

Kitu kingine kinachowashtua wa klachi ni gari kutambaa yenyewe ukiachia breki. Haijaharibika. Chukua feni mbili uzielekezanishe, moja iwe kwenye umeme nyingine haina, ukiwasha ya kwanza upepo wake unaizungusha ya pili taratibu. Ndani ya oto pale ilipokuwa klachi kuna mapangaboi mawili ya namna hiyo, ila badala ya upepo ni oili. Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, oili inasukuma kidogo, ndo huko kutambaa, na ukikanyaga breki panga la pili linasimama la kwanza linaendelea, ndo maana gari haizimiki kama Canter yako ilivyokuwa ikizimika kwenye pantoni watu wanakuzomea. Ukizoea utakupenda huku kutambaa. Kupanda kivuko cha Kamanga, kuingia kwenye maegesho ya kubanana, unatumia breki peke yake, mafuta huyagusi kabisa.

Sasa mteremko, na hapa nataka unisikilize sana maana Mwanza yetu hii ni milima na mawe, atakayekaa wiki bila kushuka kilima ni mvuvi tu. Gari ikiwa D ukatoa mguu kwenye mafuta, yenyewe inapanda gia ya juu kwa sababu inaona huna haja ya nguvu, na gia ya juu haishiki. Hiace ilikushikilia kwa sababu we mwenyewe uliiweka namba mbili. Kwahiyo fanya vilevile: ukitoka Bugando au Isamilo kushuka mjini, kabla hujaanza kuteremka, gari bado taratibu, vuta kijiti kutoka D uweke 2. Utasikia injini inapandisha sauti kidogo na gari inajizuia. Pakiwa pakali kabisa, zile njia za mtaani za mawe matupu, weka L, hiyo ni namba moja. Usisubiri mpaka gari imeshakimbia ndo uanze kushusha.

Jirani yako mwambie asante ila hapana. Ukiweka N magurudumu yameachana na injini, breki zinabeba gari zima peke yake, zinapata moto, unaanza kusikia harufu ya kuungua na kanyagio linalegea muda ule unaolihitaji. Na huo uokoaji wa mafuta hamna! Gari hizi za EFI, zinazopimiwa mafuta na kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umetoa kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta yasiende kwenye injini kwa sababu magurudumu ndo yanaizungusha. Ukiweka N inabidi iunguze mafuta ili isizime. Yaani N ndo inakula zaidi.

Kuna kitufe pembeni ya kijiti, ukikibonyeza inawaka taa ya O/D OFF, wengi wanakimbilia gereji. Umeifungia gia ya nne tu, basi. Inafaa kwenye mlima mrefu au ukitaka kuovateki roli. Siku mkienda Geita, kwenye daraja la Kigongo-Busisi acha taa imezimwa, D, tulia, uangalie ziwa. Lile daraja la kilomita tatu na kitu limefunguliwa Juni 2025, we uliyelala Busisi unasubiri pantoni unastahili kulipita bila kuwaza gia.

La mwisho, kupaki kwenye kilima. Usikimbilie P, ile ya kupaki. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki taratibu gari iegemee kwenye hendibreki, kanyaga tena, ndo uweke P. Ile P inashikiliwa na kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Ukiweka P kwanza uzito wote wa gari unalala pale, asubuhi unavuta kijiti kimekwama, unavuta kwa nguvu kinatoka na mlio wa KAA!, mpaka kuku wa jirani wanaruka. Kila ukisikia mlio huo ujue kijino kimekwanguka.

Mama watoto mnunulie dagaa wengine.

SWALI: Gari yangu oto nikiweka D inashtuka kama imesukumwa. Fundi wa mtaani aliongeza haidroliki, ile oili ya giaboksi, aliyokuwa nayo, kushtuka kukazidi. Na betri ikifa wanaweza kunisukuma ikawaka?
Dada wa Nyegezi

JIBU: Dada yangu, "aliyokuwa nayo" ndo neno lililonitisha. Toyota nyingi za gia nne tunazoendesha hapa zinataka oili ya T-IV, na mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia chenyewe, chomoa usome. Kama gari yako ni CVT, oto inayotumia mkanda badala ya gia, ina oili yake kabisa, ukiweka hii ya kawaida unaiua polepole. Na wingi nao una mambo, ikizidi ni tatizo kama ikipungua. Pima gari ikiwa sehemu tambarare, imetembea imepata moto, injini inawaka, iko P, futa kijiti cha kupimia rudisha chomoa, isome kwenye alama ya HOT. Ikiwa nyekundu ni nzima, ikiwa nyeusi ina harufu ya kuungua imwagwe, na usimpe yule yule.

Kusukuma hapana. Pampu inayoipa giaboksi presha inazungushwa na injini, injini ikizima hamna presha, mtasukuma mpaka Igoma. Boosti kwa waya kutoka betri ya gari nyingine. Na kama betri imekufa kabisa kijiti cha gia hakitoki P, tafuta kitundu au kifuniko kidogo pembeni yake kilichoandikwa SHIFT LOCK, mguu ukiwa kwenye breki bonyeza pale na ncha ya funguo, kitatoka.

SWALI: Foleni ya Mabatini jioni, niweke N, P au niache D?
Kijana wa Nyakato

JIBU: D na mguu kwenye breki. Foleni ikilala kabisa, N na hendibreki. P usiweke, akikugonga mtu kwa nyuma kile kijino ndo kinaumia kwanza, na bajaji za pale unazijua.