Jibu: Mafua wiki tatu kabla ya Kili Marathon

Mkuu, hiyo kilomita 30 ya mazoezi unayouliza kama uikimbie Jumapili, iache. Umesema mafua yameanza kupungua ila kikohozi kimeshuka kifuani. Hapo hakuna mjadala, pumzika. Ingekuwa pua tu inachuruzika, ningekwambia utoke dakika 30, mwendo wa kupiga stori bila kuhema. Ukiwa na homa, hata hizo dakika 30 usiguse, moyo unaweza kudhurika.

Asubuhi, kabla hujanyanyuka kitandani, hesabu mapigo yako kwa dakika nzima. Yakizidi kawaida yako kwa kumi hivi, bado hujapona. Na dawa za kuzibua pua zinayapandisha pia, kwa hiyo usimeze ukatoke mbio.

Ukipona, usifidie kilomita ulizokosa. Pumzi ya kupanda Mweka, kile kipande cha mlima kwenye njia ya Kili Marathon, umeijenga miezi yote hii, haipotei kwa wiki moja.