Mwenye Mbwa Akikuachia Agizo Usiloliamini

Kazi ya kulea mbwa wa watu hapa Malindi ina misimu miwili. Kuna Aprili, masika yakikaribia, Waitaliano wa mtaa wa Casuarina wanapofunga nyumba zao warudi kwao. Na kuna Desemba, watu wa bara wanaofanya kazi huku wanapopanda mabasi kwenda kula sikukuu nyumbani. Mbwa hushushwa getini kwa fujo, mwenyewe ana ndege au basi la kuwahi, na maagizo anayatoa huku injini ya gari inanguruma. Nasi watu wa pwani tumelelewa kuitikia. Mtu mzima akisema, unajibu “sawa mama”, “ndiyo mzee”. Gari likishapotea unabaki na agizo ambalo moyo wako haujaliafiki.

Wapya wengi hufanya hivi: wanaitikia getini, kisha wakibaki peke yao wanafanya wanavyojua wao. Naelewa kwa nini, lakini ni njia mbaya. Mbwa akidhurika, huna pa kusimama, maana ulikubali jambo moja ukafanya lingine. Na akipona kwa sababu yako, mwenyewe atarudi akiamini kwamba agizo lake ndilo lililomweka mbwa vizuri, naye ataendelea nalo nyumbani. Pingamizi liseme pale pale getini, na lianze kwa kuuliza: kwa nini?

Chukua agizo la maji, ambalo utalisikia sana. “Baada ya magharibi asipewe maji, atakojoa ndani.” Mbwa mzima anayelala kwenye baridi ya Limuru huenda angevumilia. Lakini Malindi ya Februari, kaskazi ikivuma na usiku hewa haijapoa, ni habari nyingine. Mbwa hatoki jasho kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na akihema anapoteza maji. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari wa mifugo huku unammwagia maji njiani.

Hayo yote unaweza kumwambia mwenyewe, lakini usianze nayo. Muulize kwanza: alianza lini kukojoa ndani? Akijibu kwamba ni mwezi huu tu, na kwamba siku hizi bakuli analimaliza mara moja na kutafuta lingine, umepata habari nzito kuliko agizo lenyewe. Mbwa anayekunywa sana na kukojoa sana huenda ana kisukari, au figo zake zina tatizo. Akiwa jike ambaye hajatolewa kizazi, na alikuwa kwenye joto la kutaka dume wiki chache zilizopita, huenda kizazi kimejaa usaha, na ugonjwa huo unaua usipotibiwa upesi. Kumnyima maji mbwa wa aina hiyo ni kummaliza. Kwa hiyo mimi agizo la ajabu nalisikiliza kama dalili. “Usimpandishe ngazi, ni mvivu.” “Usimguse sikio, atakuuma.” “Jioni asile, hutapika.” Mara nyingi kuna maradhi hapo ambayo mwenyewe ameyazoea hata hayaoni tena.

Swali hilo hilo la “kwa nini?” litakuepusha na kosa la upande wa pili, la kudharau agizo lililo sahihi. Mtu anakuletea mbwa aina ya haski, manyoya tele, ulimi nje, halafu anakwambia usimnyoe. Utadhani ni mapambo. La, manyoya yale yana tabaka mbili, yanamkinga na jua pia, na ukiyanyoa yanaweza yasiote tena vizuri. Mwingine anasema kidonge kimezwe saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa hata kimoja. Ukisoma pakiti ukaona fenobabitoni, jua ni mbwa wa kifafa, na dawa ile ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wa kisukari anachomwa insulini pamoja na chakula. Siku akikataa kula, usimchome kwa mazoea, mpigie daktari kwanza. Na yule unayeambiwa ale kuku mkavu bila ngozi na wali mweupe tu, siku zote, si kwamba tajiri wake ni bahili. Huenda kongosho lake halivumilii mafuta. Hapo huruma ya Kiswahili huponza, mtu anaona mbwa anaonewa, anamtilia wali wa nazi. Biriani ya Idd ndiyo mbaya zaidi, kwa mafuta yake na kwa vitunguu, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa yeyote, mgonjwa na mzima.

Dawa ndipo ninapokuwa mkali. “Akichechemea mpe ibuprofeni nusu.” Hapana. Dawa hiyo ya binadamu humtoboa mbwa tumbo na kumwangusha figo. “Ana kupe, mwogeshe na hii”, na kichupa chenyewe ni dawa ya josho la ng'ombe, imemiminwa kutoka kopo kubwa, haina maandishi wala kipimo. Ikizidi, mbwa anaweza kusinzia, kupoa mwili na mapigo kupungua. Kuhusu oili chafu ya gari kwa ukurutu, najua wengi mmekulia mkiiona ikipakwa. Mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka amekunywa. Ukiletewa dawa yoyote usibishane juu ya elimu ya mtu. Sema tu: “Mzee, hii alipewa na daktari gani? Nipe namba yake nimuulize kipimo.” Aliyeandikiwa na daktari atakupa namba papo hapo. Aliyejiandikia mwenyewe ataanza kutafuta maneno.

Kupe wenyewe usiwadharau lakini. Hapa pwani hawana msimu wa kulala, na homa yao huanza kimya: mbwa hali, ufizi umepauka, pengine pua inatoka damu.

Kuna pia wanaoamini mbwa wa ulinzi huwa mkali akifungiwa mchana kutwa na kupewa chakula kidogo, na pilipili juu yake. Mbwa mwenye njaa hulinda chakula, halindi nyumba. Tena Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumnyima mnyama chakula au maji ni miongoni mwa makosa yaliyotajwa humo. “Niliagizwa” haitakusaidia.

Anayesema “mwachie huru pwani, anaijua bahari” mkatalie vilevile. Wavuvi wakichambua nyavu hutupa mchangani bunju, samaki mwenye sumu, na sumu hiyo mbwa haiwezi. Kuna na mayai ya kasa ambayo mbwa hufukua.

Mengine hayamdhuru mbwa ila wewe huyawezi, nayo yaseme kwa uwazi huo huo. “Amezoea kulala kitandani na mtu.” Kijana Mwislamu anayeshika mafundisho ya Kishafii akiguswa na mate ya mbwa anatakiwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Anaweza kufanya kazi hii vizuri akiwa na nguo zake za kazi na glavu, lakini kitandani hapana, na mwenye mbwa wa heshima huelewa akiambiwa mapema. Kwa “alichanjwa ila kadi imepotea”, mimi simpokei mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakina tiba. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Mkishakubaliana, mtumie mwenyewe makubaliano kwa WhatsApp kabla hajapanda ndege: nini utafanya, nini hutafanya, daktari gani ataitwa, na nani wa kuamua simu yake ikiwa imezimwa. Aache pesa ya daktari kwenye M-Pesa, tofauti na malipo yako. Atakayekataa yote hayo na kushikilia agizo la hatari, mrudishie kamba ya mbwa wake. Hapo moyo utakusuta, maana huenda atampeleka kwa mtu atakayetii. Mimi humwomba ampitishe kwanza kwa daktari wa mifugo, hata kwa dakika chache, na malipo ya kuangaliwa huyakata kwenye bei yangu. Wapo wanaokubali kwa sababu ya hilo punguzo tu.