Akikukamata mkono, tafuta gumba lake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na jioni narudi Mwanga peke yangu. Kuna video ya mtu anashikwa mkono, anakipinda kiganja cha aliyemshika, huyo anaanguka chali. Nimejaribu kwa kaka yangu, hata hakuyumba. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada. Hujakosea, umedanganywa. Yule wa kwenye video ameshika kama anayesalimia, mkono wa pili unaning'inia tu, halafu anajirusha mwenyewe. Kaka yako alishika kweli. Mkorofi akihisi kiganja kinapindwa, ama anaachia au anakutandika kwa mkono uliobaki.

Vidole vinne vina nguvu, gumba liko peke yake. Pa kutokea ni hapo. Mkono wake wa kulia ukishika kifundo cha mkono wako wa kushoto, gumba lake liko upande wa ndani. Geuza mkono mpaka ukingo wake mwembamba, ule wa upande wa gumba lako, uingie kwenye mwanya kati ya gumba na vidole vyake. Piga nusu hatua mbele, kunja kiwiko ukikisukuma kuelekea kiwiko chake, kiganja chako kije kwenye bega lako la kulia. Yote kwa mkupuo mmoja. Akishika kulia kwa kulia, mwanya uko nje, tokea nje. Akikushika mkono mmoja kwa yake miwili, pitisha ule ulio huru juu, katikati ya mikono yake, kamata ngumi yako, vuta juu.

Wengi huvuta nyuma. Hapo unashindana na vidole vinne pamoja na uzito wake wote, na wewe ndiye utakayeburutwa.

Wanaonichosha ni hawa wa semina ya kujihami ya siku 3 na cheti, wenye "vituo vya siri" vya mwilini vya kubonyeza. Mlevi maumivu hayo hayasikii, na mkono wenye jasho au mafuta ya mawese utaubonyeza wapi? Kabla ya kulipa, mwambie mwalimu akubali kushikwa kwa nguvu zote na kuvutwa, bila kuambiwa ni mkono upi. Akianza kueleza eleza, ondoka na hela yako.

Kwa kaka yako, rudia mara 10 kila mkono, avute huku anakusukuma bega. Ukichomoka usibaki kupigana: piga kelele, kimbilia penye watu. Na ukiona kisu, haya yote yaache, mpe pochi.