"Corn" ya kwenye mapishi ya kale si mahindi

Mleta uzi, umeuliza kama "corn" iliyotajwa kwenye pishi la Kiingereza la karne ya 14 ndiyo mahindi, maana kamusi yako inasema hivyo. Hapana, usiweke mahindi. Mimi nilishauingia mkenge huo.

Nilikuwa napika frumenty, uji mzito waliokuwa wakiula na nyama ya kulungu. Nikaloweka mahindi yaliyokobolewa, nikayachemsha saa tatu, nikamimina maziwa na viini vya mayai. Punje zikabaki nzima, maziwa yakajitenga pembeni. Ndipo nikatazama mwaka. Asili ya mahindi ni Mexico, na Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492. Mpishi yule angeyatoa wapi?

Kwa Waingereza "corn" ni nafaka yoyote, hasa ile inayolimwa sana mahali penyewe: England ngano, Uskoti oti. Marekani ndiko neno lilikoganda kwenye mahindi.

Wareno nao vilevile. Milho yao zamani ilikuwa nafaka ya punje ndogo, leo ni mahindi. Kwa hiyo ukikuta Mreno wa karne ya 16 anasema watu wa pwani yetu wanakula milho, usikimbilie sembe. Huenda anasema mtama. Na mahindi yenyewe kila mtu kamsingizia mwingine: Waitaliano wanayaita granoturco, nafaka ya Kituruki, Waturuki wanayaita mısır, yaani Misri, sisi tumeyapeleka Uhindi.

Hata leo, baina yetu wenyewe, jina linapotea njiani. Sokoni Nairobi niliomba ulezi, muuzaji akasema hana. Mbele yake debe limejaa punje nyekundu ndogondogo. Nikachota kiganjani nikamwonyesha. "Ah, wimbi!" akasema.

Sasa pishi lako: tafuta ngano iliyokobolewa, ile ya kupikia bokoboko, pishi la ngano na nyama. Mama yangu ni wa Unguja, nilipolirudia kwa ngano hiyo alionja akasema, "Mbona hili bokoboko, nyama mmeiweka wapi?" Iloweke usiku kucha, ichemshe kwa moto mdogo mpaka punje zipasuke na mwiko usimame. Tia maziwa, endelea kukoroga. Viini vya mayai vitie mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, la sivyo vitagandamana.