Kumpa figo kaka aliye Uingereza

Dada yangu, unauliza kama kaka yako huko London anakosa figo kwa sababu ni mweusi na maskini, na kama wewe, ukiwa Bukavu, unaweza kumpa yako. Hofu yako ina msingi. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi, wenye asili ya Asia na wanaoishi maeneo maskini hupata figo ya mtu aliye hai kwa nadra kuliko wazungu wenye uwezo. Inaniuma, maana mara nyingi ndugu wapo, ila wako mbali.

Aanze yeye: amweleze mratibu wa watoaji figo hospitalini kwake kwamba upo. Barua ya hospitali hiyo utaiambatisha kwenye ombi la viza, nayo iwe imeandikwa si zaidi ya miezi 3 kabla ya siku unayokusudia kufika Uingereza. Gharama za safari, ulizeni mapema kama zitarudishwa. Damu zenu zisipopatana, msikate tamaa; kuna mpango wa kubadilishana figo na jozi nyingine ya mtoaji na mgonjwa.

Wewe pima kwanza shinikizo la damu, sukari na mkojo. Lolote likionekana, mwone daktari kabla hujamwahidi kaka. Na asikulipe figo hiyo: sheria yao inakataza kabisa.