Maswali na majibu: Majimoto wanashona, picha ina ukungu

Wiki hii mmeniletea picha nyingi za wadudu wa bustanini, na karibu zote ni mgongo wa mdudu katikati, basi. Alikuwa anafanya nini? Haijulikani.

Swali: Majimoto, wale sisimizi wa mitini, wanavuta majani ya mwembe wangu yakutane, na mmoja ana kitu cheupe mdomoni. Anakula nini? Kila picha inatoka na ukungu.

Jibu: Hali kitu, anashona. Hicho cheupe ni buu, mtoto wa humohumo kundini. Majimoto mkubwa hana uzi. Hariri anaitoa buu. Wenzake wanayashikilia majani, yeye anambeba buu na kumgusisha ukingo wa jani la huku, kisha la kule, mpaka yanashikana.

Ukungu ni wa upepo, usiilaumu simu. Chomeka fito ardhini, ulibane tawi kwa vibanio vya nguo mbali kidogo na kiota, uwaache watulie. Piga kutoka ubavuni, usawa wa ufa wenyewe, mwanga ukitokea nyuma ya jani. Hapo buu anang'aa. Anza na video, picha utachagua baadaye. Na usiegemee shina. Mimi niliegemea, wakaingia kwenye kola. Video ya siku ile ina sekunde nne za majimoto na dakika nzima ya anga na kelele zangu.

Swali: Dondora anajenga kwa udongo barazani, anabeba buibui. Nikiwahi simu, keshaondoka.

Jibu: Usimkimbilie, atarudi. Chumba kimoja anakijaza buibui kadhaa. Weka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ielekee tundu, bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha kaa unywe chai. Hao buibui hawajafa, ujue. Amewachoma sumu wakapooza, wabaki wabichi mpaka buu wake atoke kwenye yai awale. Kwa hiyo picha moja haitoshi: mpate akiingia na buibui, mpate akiziba kwa udongo, na wiki kadhaa baadaye upige tundu alilotokea mtoto.

Swali: Kereng'ende kwenye beseni langu la maji alisimama kichwa chini, mkia juu kama msumari. Anaumwa?

Jibu: Anaona joto. Jua la saa 6 mchana likiwa utosini, anaunyoosha mkia kulielekea ili limpate sehemu ndogo tu ya mwili. Piga kutoka ubavuni, kivuli chake kionekane kilivyo kidogo. Kesho yake mfuate saa 2 asubuhi, mkia ukiwa umelala. Ziweke picha mbili pamoja, uone nani atabisha.

Swali: Nimeambiwa nimweke mdudu kwenye friji dakika chache atulie. Ni sawa?

Jibu: Hapana. Utapata picha ya mdudu aliyepigwa baridi. Ukitaka aliyetulia mwenyewe, toka saa 12 asubuhi umande haujakauka, ukague vijiti vikavu kwenye ua. Kuna nyuki wasio wa mzinga ambao madume yao hulala hapo wameuma kijiti kwa taya, miili inaning'inia. Sogea polepole, zima flashi. Jua likishapanda, hawapo.