Wakala Anapouliza Jina la Meneja Wako

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaandika programu za kompyuta kwa mikataba hapa London. Mawakala wa ajira hunipigia simu nikiwa kazini kwa mteja, na jana mmoja aliniuliza jina la meneja wangu kabla hata hajataja malipo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usimtajie, kwa kuwa mara nyingi anayeuliza hivyo hana kazi mkononi, bali anatafuta meneja wa kumpigia kesho ili ampendekezee wafanyakazi wake. Kanuni za Uingereza za mwaka 2003 zinamkataza wakala kutangaza nafasi mahususi bila idhini ya mwajiri. Kwa hiyo mwenye kazi ya kweli ana la kukuandikia; mwambie akutumie barua pepe yenye malipo ya siku, muda wa mkataba na mahali pa kazi, na asiyeandika usimpokelee simu tena.